Mto Umejaa

Babu yenu alikuwa na wivu. Sisemi wivu wenu huu wa siku hizi, wa kupekua simu ya mtu akiwa anaoga. Nasema wivu. Jogoo wa jirani akiwika wakati napita, babu yenu anatoka nje kumuuliza ana maana gani. Kioo changu alikigeuza kikatazama ukuta, eti kimezidi kuniangalia. Nikipiga chafya, anataka kujua ni nani huko aliko ananitaja. Na kama nasema uongo, meno yangu yang'oke yote. Bahati nzuri yalishatangulia.

Nami wakati huo nilikuwa mtu wa kuonewa wivu, msinitazame hivyo. Nilikuwa na shingo, nilikuwa na kiuno, na nikitembea hata mawe ya njiani yalikuwa yanajisogeza yenyewe nisije nikajikwaa.

Tulikuwa tumeoana juzi juzi tu, sufuria zangu hazijashika hata masizi. Yeye alikuwa fundi wa magodoro na mito ya kulalia. Watu wote walimwita Fundi, hata mama yake aliyemzaa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, huko bondeni, karibu na mto. Chumba cha nyuma kiligawanywa kwa pazia: upande huu mimi na mume wangu, upande ule mama mkwe, na lile pazia lingekuwa na mdomo ningelihonga. Chumba cha mbele ndicho karakana. Huko kulijaa sufi, ile pamba nyepesi ya msufi, lundo limefika kifuani. Ukifungua mlango kwa haraka inaruka yote, inakaa hewani, inakusubiri uvute pumzi. Fundi aliivaa kwenye nywele, kwenye kope, kwenye ndevu. Ukimkumbatia unapiga chafya, na ukipiga chafya ugomvi unaanza upya: nani anakutaja?

Lakini kazi aliijua. Anaichambua sufi kwa vidole, anatoa mbegu, anaichapa kwa fimbo mpaka inaumuka, kisha anaishindilia kwenye mfuko wa kitambaa cha mistari. Halafu anauweka mto sikioni, anauminya, anausikiliza kama daktari. Ukishiba, anaita: "Mto umejaa!" Hapo mimi naacha chochote nilichoshika, napeleka shazia, ile sindano ndefu, na uzi uliopakwa nta. Tunakaa tumetazamana, yeye anaubana mdomo wa mto, mimi nashona. Mtu asiyejua angesema ni kazi. Yalikuwa mapenzi yetu hayo. Na chini ya jua hili hakukuwa na mwanamume mwingine mwenye ruhusa ya kuniita kwa maneno yale.

Sasa, ukuta kwa ukuta na sisi alikaa Mwenye Mashine. Mashine ya kusaga nafaka. Jengo lake lilikuwa la ghorofa: chini mashine, juu dari pana la kuwekea magunia, lenye dirisha linalotazama paa letu, na ng'ambo ya paa letu, mto. Alikuwa mtu mpole, mrefu, amejaa unga toka utosini mpaka kwenye kandambili, utadhani ukuta uliopakwa chokaa umeamua kutembea. Na huyo ndiye aliyeniposa kwanza. Baba yangu alimkataa kwa sababu alikaa kwenye kiti chetu cha wageni, na alipoondoka, kivuli chake cheupe kikabaki kimekaa. Baba akasema hataki mkwe anayeondoka nusu nusu.

Kwangu mimi hayo yalikwisha. Kwa Fundi ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mwenye Mashine akinisalimu, "Shemeji, hujambo?" Fundi anadakia toka ndani: "Shemeji yako kwa nani? Nitajie huyo ndugu yako aliyemwoa!" Nikipeleka mahindi kusagwa, ananisindikiza kwenda, ananisindikiza kurudi, kisha ananipangusa mabega akiuliza unga huu umefikaje hapa. Mwisho akaamua tusage mbali, kwa mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri.

"Wewe ndiye uliyeoa," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Mwenzako amepata nini? Amebaki anakumbatia mashine."

"Mama, aliyekosa kitu ndiye anayekitazama zaidi."

Na hapo, wajukuu zangu, hakukosea sana. Mwenye Mashine hakuwa ameoa bado, na kutazama alikuwa anatazama. Sikumkataza. Macho ni yake.

Mwaka huo zikaja habari kwamba huko milimani mvua inamwagika bila kupumzika. Wazee wakaanza kukumbushana mafuriko ya zamani, yale yaliyompandisha ng'ombe juu ya mti, na maji yalipokupwa ng'ombe akagoma kushuka kwa sababu alishazoea hewa. Mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja aliyekuwa na kipaza sauti ambacho wala hakukihitaji, akatuita mkutano.

"Maji hayapigi hodi," alisema. "Kila nyumba iweke maji safi kwenye madumu, vifuniko vibanwe. Kiberiti na vyeti vitiwe kwenye plastiki. Vitanda vipandishwe juu ya matofali. Chakula kikavu, kamba, filimbi, viwe karibu na mkono. Na kila nyumba ya bondeni nimeitafutia nyumba ya juu ya kukimbilia. Mkisikia chuma kinalia, hakuna kuulizana. Ni kupanda!"

Chuma chenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya nyumba yake. Akaanza kutaja nani ataenda kwa nani. Muuza mkaa na mkewe waende kwa muuguzi. Kinyozi na watoto wake kwa mwalimu. Fundi alikuwa ameushika mkono wangu.

"Fundi Magodoro, mkewe na mama yake, ghorofani kwa Mwenye Mashine."

Niliusikia mkono wa mume wangu unapoa kama chai iliyosahauliwa.

"Mwenyekiti, hakuna kwingine?"

"Kwingine wapi na ni ukuta mmoja? Mama yako miguu imegoma, unataka tumkimbize kwa mkokoteni?"

"Nipe hata juu ya mti."

"Juu ya mti kuna ng'ombe!" mtu mmoja akasema nyuma, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Mwenye Mashine naye, badala ya kunyamaza, akasema kwa ule upole wake: "Karibuni sana. Shemeji asiwe na wasiwasi, nitafagia."

"Atafagia!" Fundi aliniambia njia nzima. "Umemsikia? Atafagia! Mwanamume anayefagia ana jambo."

Toka siku hiyo, nyumbani kwetu swali lilikuwa moja tu, nalo tulikula nalo na kulala nalo. Maji yakija, Fundi ataniacha nipande kwenye dari la yule mtu, au atatuzamisha wote kwa ajili ya wivu?

Wenzetu walijiandaa kama watu. Muuza mkaa alipandisha magunia yake juu ya paa, akashinda huko akiyalinda dhidi ya kunguru. Watoto walifundishwa kufunga mafundo, wakafunga kila kitu, mpaka mbwa wa jirani akashindwa kutoka mlangoni. Kuna nyumba iliweka sufuria juu ya kabati, kabati juu ya meza, meza juu ya kitanda, halafu wenyewe wakakosa pa kulala. Mwenyekiti akafanya mazoezi: akagonga chuma, watu wakakimbia. Sisi tulizipanda ngazi za mashine kwa mpangilio alioutaka Fundi, mama mkwe mbele akijivuta na mkongojo wake, mimi katikati nimefunikwa blanketi kichwani kama mwizi aliyekamatwa, yeye nyuma.

"Hili blanketi la nini?" nikamuuliza.

"Mvua isikunyeshee."

Jua lilikuwa linapasua mawe.

Dari lilikuwa limefagiwa kweli. Magunia yamepangwa pembeni, katikati pametandikwa mkeka mpya. Kando ya mkeka kuna beseni la kunawia. Na juu ya beseni, kioo. Kioo! Fundi akakitazama kile kioo, na kioo kikamtazama Fundi. Tukashuka.

Kesho yake akatangaza kwamba sisi hatuendi kwa mtu. Atashona chelezo chetu wenyewe.

"Sufi haizami," alisema, na hilo ni kweli, itupeni majini muone. "Nitashona godoro moja la kutubeba wote, nilivalishe plastiki. Maji yakija tutaelea na heshima zetu."

Alilishonea ndani. Mlango kafunga, dirisha kaliziba kwa gunia, ili Mwenye Mashine asichungulie toka juu akaiga. Nilishona mpaka vidole vikaota sugu. Lilikuwa nene kama tembo aliyelala, na kuna wakati niliapa nimelisikia likikoroma. Siku lilipokwisha, mama mkwe alikuja na mkongojo wake, akalitazama godoro, akautazama mlango, akalitazama godoro tena.

"Mwanangu," akasema, "hili litatokea wapi?"

Jamani. Lile godoro na ule mlango vilikuwa havijapata kutambulishana. Fundi alikaa juu ya kazi yake, akashika tama.

"Halina haja ya kutoka," akasema mwisho. "Maji yatakuja yenyewe humu ndani."

"Hapo umenena. Wenzetu wanayakimbia, sisi tumeyatandikia," mama mkwe akasema.

Nikaona nisipojiongeza nitakufa na shingo yangu hii. Nikaanza kujiandaa kimya kimya kwa ajili ya lile dari. Mgongo wa mama mkwe haukuwezana na mkeka, kwa hiyo nikawa nachota sufi kidogo kidogo, namjazia mto wa kuegemea. Nikauficha chini ya kitanda chake pamoja na dumu la maji na kiberiti kwenye plastiki. Mwenyewe alijua, akawa ananikonyeza. Lakini Fundi sufi yake aliijua kama mtu anavyozijua nywele zake.

"Nani amepunguza sufi?"

"Panya."

"Panya wanajenga nini, hoteli?"

Akanyamaza. Akawa ananitazama tu, mchana na jioni, akila ananitazama, akichapa sufi ananitazama. Mwenye wivu akikuuliza maswali, shukuru. Akinyamaza ndipo uogope.

Siku yenyewe, huku kwetu hata tone. Mbingu buluu, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzibana kwenye kamba. Kumbe milimani ilikuwa imenyesha mpaka milima ikapungua urefu, sisi hatuna habari. Nilikuwa nimeingia ndani kuchukua beseni jingine la nguo. Mama mkwe amelala nyuma ya pazia, Fundi yuko karakana anachambua sufi. Mara, toka lile dirisha la juu, ikaja sauti ya Mwenye Mashine, mtu ambaye katika maisha yake hajawahi hata kumfokea kuku:

"Shemeji! Shemeji! Mto umejaa! Mto umejaa, njoo juu!"

Niliuona uso wa mume wangu ukipauka. Sufi ikamdondoka mkononi. Akainuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, akageuka kunitazama, ufunguo ameukamata.

"Rudia alivyosema."

"Amesema mto umejaa."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, twende!"

"Twende? Mimi na wewe, tukauone? Nani kaujaza?"

"Mungu kaujaza!"

"Usimsingizie Mungu! Mungu hana sufi! Sufi ni yangu!"

"Sufi gani tena? Mto, Fundi! Mto!"

"Nimeshasikia ni mto! Toka lini unamjazia? Na ulipokuwa unaushona, mdomo nani aliubana?" Hapo sauti ikamkatika, ikawa ndogo kabisa. "Alibana yeye?"

Ndipo nilipoelewa yeye yuko kwenye mto gani na mimi niko kwenye mto gani, na kicheko kikanitoka. Mwanamke, usicheke mbele ya mwenye wivu. Alikaza ule ufunguo kana kwamba ni koo la mtu.

"Mto wa maji!" nikapiga kelele. "Wa maji, wewe mwanamume, si wa kulalia!"

"Wa maji, na jua hili? Chuma mbona hakijalia?"

Na kweli, chuma kilikuwa hakijalia. Mwenye Mashine aliyaona maji yakikata kona, na toka kwake mpaka kwenye ile rimu ni mbio ndefu, akaona kwanza amwite aliye karibu. Aliye karibu ni mimi. Mpaka uzeeni Fundi alikuwa akiniuliza: kwa nini aliita shemeji, kwa nini hakuita Fundi?

Nyuma ya pazia, mama mkwe akauliza taratibu: "Mkamwana, umemwaga ndoo?"

"Hapana, mama."

"Basi huyo mto mnayemgombania amefika. Yuko huku kwangu."

Maji yaliingia kwa chini ya ukuta wa nyuma, kisha kwa chini ya mlango, rangi ya kahawia, polepole, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Kisha yakakumbuka kwamba ndipo penyewe. Fundi akaruka kufungua, mkono ukajigonga kwenye mwimo wa mlango, ufunguo ukachomoka, ukatua katikati ya lundo la sufi. Kitu kikizama kwenye sufi hakitoi hata sauti. Tulichambua, tulirusha, chumba kikawa cheupe mpaka hatuonani, nikawa napekua ndevu za mume wangu nikidhani bado niko kwenye lundo. Dirisha lina nondo. Mlango umeshiba maji, hausukumiki. Yalipofika magotini tuliacha ufunguo, tukambeba mama mkwe na mto wake mkononi, tukamweka juu ya lile godoro. Godoro likatikisika, likainuka nyuma kwanza kama ng'ombe, likaelea. Nasi tukapanda.

"Mnaona? Haizami," Fundi alisema. Hata wakati ule, alisema kwa fahari.

"Haizami," mama mkwe akajibu, "lakini na paa nalo halipandi."

Ndipo Fundi akauona ule mto mikononi mwa mama yake. Akauminya. Akauweka sikioni kwa mazoea.

"Kumbe ndio huu."

"Ndio huo," nikasema. "Wa mgongo wa mama yako. Panya ni mimi."

Tulikuwa tunapanda polepole kuelekea kwenye mabati, na mabati yalikuwa ya moto. Fundi hakuniomba radhi. Alisema jambo jingine, bila kunitazama.

"Nilijua ukipanda kule hutashuka. Kule ni pakavu. Mtu akishazoea pakavu, bondeni kwa mtu wa sufi atarudi kufuata nini?"

Nilitaka kumjibu vizuri, maana ni swali la kujibiwa vizuri. Lakini bati lilikuwa limeshanifika kwenye paji la uso, nikabaki kumshika sikio, ndilo lililokuwa karibu.

Mara juu yetu tukasikia hatua za miguu. Bati likalia, ncha ya mtaimbo ikapenya, bati likakunjuka kama ukurasa. Mwanga ukaingia, na katikati ya mwanga, uso mweupe. Mwenye Mashine alikuwa ameruka toka dirishani kwake.

"Mama kwanza," akasema.

Mama mkwe alikuwa mnene wa baraka. Ilibidi tundu liongezwe, kisha liongezwe tena. Sisi tunasukuma chini, Mwenye Mashine anavuta juu, naye katikati anatoa amri: "Vuta, usinionee huruma! Aa, usishike hapo! Hapo ni pa marehemu!" Akatoka, na mto wake, akaketi juu ya paa akishangaa mtaa ulivyogeuka ziwa. Huko mbali chuma ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza kulia.

"Sasa nipe mkono wa shemeji."

Naapa hata maji yalisimama kusikiliza. Fundi alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na ule mkono mwingine unaning'inia juu yetu, mweupe mpaka kwenye kiwiko, umefunguka. Aliutazama kama mtu anayetazama kinywa cha mamba.

"Namwazima," akasema.

"Unasemaje?"

"Nakuazima tu! Sikupi! Sema umeazima!"

"Nimeazima, ndugu yangu, nimeazima! Mlete!"

"Na utamrudisha!"

"Ukipanda wewe mwenyewe kumchukua!"

Basi akauchukua mkono wangu, kidole kwa kidole, akauweka ndani ya mkono wa yule mtu, akaufunga kwa nje kama anavyofunga mdomo wa mto. Baba yangu naye alipata kunikabidhi kwa mwanamume, lakini hakutetemeka vile. Nikapaa. Nilipogeuka kutazama chini, pamebaki uso tu, godoro limebanana na mbao za paa, maji yanamlamba kidevu.

Mwenye Mashine akateremsha mkono tena. Fundi hakuupokea.

"Mpandishe kwanza mke wangu dirishani," akasema kutoka mle shimoni. "Na wewe wakati anapanda, geuka upande mwingine."

"Bwana wee, unakufa!"

"Funga macho!"

Mama mkwe akainama juu ya lile tundu, akavuta pumzi.

"Mwanangu, sikiliza nikuambie mimi mama yako. Ukifa humo, nitamwoza kwa huyu huyu, leo hii hii, juu ya bati hili hili!"

Mkono wa Fundi ulichomoka mle tunduni kama samaki aliyeruka. Mwenye Mashine akaudaka.

Alipotolewa, alilala kifudifudi juu ya bati, na mkono wa mwenzake hakuuachia. Nilidhani anamzuia asinishike mimi. Hapana. Alikuwa anatetemeka, na hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mwenye Mashine akamwacha aushike. Tulipoingia kwenye lile dari, akamvalisha gunia kavu, akakaa karibu naye, akauliza kwa upole:

"Lile godoro, ndugu yangu, umelishonaje hata lisinyonye maji?"

Fundi akamgeukia. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Hata mimi. Mimi nilikuwa nashona tu. Akaanza kumweleza: sufi ya kwanza haifai, inataka ile iliyokomaa, mshono unakwenda hivi unarudi hivi. Mwenye Mashine anaitikia, "Ehe. Ehe." Maji yalikaa mtaani siku kadhaa, na siku zote hizo nilikuwa nimekaa juu ya ule mkeka mpya, mbele ya kile kioo, nimependeza, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyenitazama.

Nikadhani yataisha tukishuka. Tulishuka, tukasukuma matope, tukaanika vilivyobaki, tukapiga bati jipya. Hayakuisha. Wakaamua mafuriko yajayo yasitukute tumelala. Wakakata mlango mdogo kwenye paa letu, wenye kifuniko, wakatengeneza ngazi ya kamba toka dirisha la dari mpaka kwetu. Wakashona magodoro madogo yanayopita mlangoni, moja kwa kila nyumba ya bondeni. Jioni zote mume wangu yuko ghorofani. Akirudi anakohoa unga, na mdomoni ni yule tu: Mwenye Mashine kasema hivi, Mwenye Mashine kaona vile. Chakula nimepika kinapoa, nimejipaka mafuta yanakauka.

"Mama," nikamuuliza mama mkwe, "huyu mwanao ana mke mwingine?"

"Anaye," akasema. "Ana unga kichwani."

Nikaanza kulala vibaya. Nikaanza kusikiliza ngazi. Wakicheka huko juu, kila kicheko nakihisi kimenicheka mimi. Jamani, nilikuwa sijui kwamba wivu una uzito kiasi kile. Nilikuwa nimezoea kuubebewa.

Siku moja nikasema leo nitamkomesha. Nikavaa vizuri, nikatoka tangu mchana bila kuaga, nikazunguka mtaa wote nikisalimia watu ambao hata siwajui. Nikarudi jua linazama, nimeuandaa uso wangu kwa ugomvi. Nikamkuta juu ya paa na mwenzake, wanabishana kuhusu fundo la ile ngazi ya kamba. Akaniona. Hakuuliza kitu. Nikangoja. Hakuuliza.

"Nilikuwa kwa kinyozi," nikasema mwenyewe, kwa sauti. "Kinyozi amenisifia sana."

"Vizuri," akajibu. "Hebu nishikie hapo kamba."

Nikaishika. Nikaivuta kwa hasira yangu yote, mpaka leo lile jengo la mashine limeinama upande wa kwetu. Kama hamniamini, nendeni mkaangalie.